Kabla ya Grupu la WhatsApp Kulikuwa na Usenet

Wiki hii tumeacha historia ya vita na mipaka. Tumechukua historia ya kitu tunachokifanya kila siku bila kujua kilitoka wapi, yaani kuuliza swali kwenye intaneti na kujibiwa na mtu usiyemjua.

Wengi tunafikiri jambo hili lilianza na Facebook, halafu ikaja WhatsApp. Hapana, ni la zamani zaidi. Turudi mwaka 1979, wakati wazazi wetu wengi walikuwa bado watoto huko Fizi, Uvira, Kalemie au Makamba. Marekani kulikuwa tayari na mtandao wa kompyuta ulioitwa ARPANET. Ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi, na chuo kikuu kilichotaka kuingia kilitakiwa kiwe na mkataba wa kazi na wizara hiyo. Chuo kisicho na mkataba kilibaki nje kinachungulia dirishani. Mtandao mzuri upo, ila si wenu. Hapo wakimbizi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, walioitwa Tom Truscott na Jim Ellis, walikuwa upande wa dirishani. Wakajiuliza: kompyuta tunazo, laini ya simu ipo, kwa nini tusijiunganishe wenyewe? Mwenzao wa chuo jirani cha Chapel Hill, Steve Bellovin, akaandika programu ya kwanza, fupi tu, ya kujaribu. Mwaka 1980 kompyuta tatu zilikuwa zinabadilishana ujumbe: moja Duke, moja Chapel Hill, na ya tatu katika idara ya fiziolojia ya hukohuko Duke. Mtandao wakauita Usenet. Watu wakautania kwamba ni ARPANET ya maskini. Sisi hatuoni aibu yoyote katika jina hilo.

Namna ulivyofanya kazi tuieleze polepole, maana ndiyo iliyotufanya tuupende. Usenet haukuwa "hewani" muda wote. Kompyuta ilisubiri mpaka usiku, saa ambazo bei ya kupiga simu imeshuka, ndipo ikampigia jirani yake kupitia modemu. Zikishaungana, moja inamkabidhi mwenzake ujumbe wote mpya ambao haujapita kwake, kisha simu inakatwa. Huyo naye akipata nafasi anampigia jirani yake mwingine. Swali lililoandikwa Jumatatu lingeweza kufika mbali baada ya siku mbili tatu, na jibu likarudi kwa mwendo huohuo. Kila ujumbe ulikuwa na namba yake ili usipokelewe mara mbili, na ulibeba orodha ya kompyuta zote ulizopitia, kama bahasha iliyopigwa muhuri kila posta.

Wazee wetu wa Kongo wakisikia hivi watacheka, maana wanaijua foni. Pale kwenye parokia au kwenye duka la mfanyabiashara kulikuwa na redio ya mawasiliano, na habari ya msiba wa Bukavu ilisomwa saa fulani, ikapokelewa Baraka, kisha mtu wa baiskeli akaipeleka kijijini. Tena wengi wetu tumewahi kujaza ile fomu ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu, karatasi isiyofungwa ambayo inapita mkono kwa mkono mpaka imfikie mwenyewe. Usenet ulikuwa ndugu wa mambo hayo. Haukutaka bando la kila saa, ulitaka majirani wenye subira.

Na haukuwa na makao makuu. Hakuna kampuni iliyoumiliki, hakuna bosi wa kuandikiwa barua. Kila chuo kilitunza kompyuta yake, na mtu wa kuitunza mara nyingi alifanya hivyo juu ya kazi yake nyingine, bila posho. Waanzilishi walifikiri utabeba ujumbe mmoja au miwili kwa siku! Ulipozidiwa, mwaka 1981, programu iliandikwa upya huko Berkeley, California na Mark Horton, akisaidiwa na Matt Glickman. Huyo Glickman alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Hilo tumeliweka kwa makusudi, kwa wale wanaosema vijana wa sekondari kazi yao ni kubeba viti kwenye semina.

Mazungumzo yaligawanywa kwa mada. Kila mada ilikuwa na kundi lake, na jina la kundi lilisomeka kama anwani, kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kati ya 1986 na 1987 majina yalipangwa upya katika matawi saba: comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, rec kwa michezo na burudani, soc kwa jamii na tamaduni, talk kwa mabishano, news kwa mambo ya Usenet wenyewe, na misc kwa yaliyobaki. Ndiyo maana kulikuwa na soc.culture.african, ambako Waafrika waliokuwa wanasoma au kuishi ughaibuni walikutana na kubishana kuhusu nyumbani. Kuanzisha kundi jipya katika matawi hayo kulihitaji kura: ndiyo zizidi hapana kwa 100, na ziwe angalau theluthi mbili ya kura zote. Waliochoshwa na kura wakaanzisha tawi lao la pembeni mwaka 1987, wakaliita alt, na huko kila mtu akafungua alichotaka. Kuna watu huwa hivyo kila mahali, hata kambini.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililotufanya tuandike.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuhifadhi. Ujumbe ulikaa siku chache au wiki mbili, kisha ukafutwa kupisha mwingine. Maana yake nini? Mtu akiuliza swali leo, akajibiwa vizuri kabisa, mwezi ujao jibu halipo tena. Anakuja mgeni anauliza lilelile. Tena kila mwezi Septemba vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya waliingia kwa wingi na maswali yaleyale ya mwaka jana. Wenyeji wakachoka. Baadhi wakawa wakali, wakawatukana wageni. Wengine wakafanya kitu cha akili zaidi: wakakusanya maswali yanayorudi, wakaandika majibu yaliyokubaliwa na kundi, na wakaituma karatasi hiyo kwenye kundi kila mwezi au kila wiki mbili, bila kusubiri kuulizwa. Ile orodha ya "maswali yanayoulizwa mara kwa mara" tunayoikuta leo kwenye tovuti ya kila benki na kila shirika, mazoea yake yalikomaa hapo, kwenye makundi ya Usenet.

Tuangalie vizuri ilikuwaje, maana siku hizi imeharibiwa. Siku hizi ofisi inajiandikia maswali ambayo hakuna mtu aliyeyauliza, halafu inajijibu kwa kujisifu. Orodha za Usenet ziliandikwa na watu wa kundi wenyewe, kutokana na maswali yaliyoulizwa kweli. Orodha ilikuwa na mtu anayeitunza, jina lake likiwa juu, na tarehe ya mara ya mwisho kurekebishwa. Jibu likipitwa na wakati, mtu anamwandikia mtunzaji, analibadilisha. Kulikuwa na orodha za kutunza samaki, za kulea watoto, za kuishi na ugonjwa wa sukari, za kutengeneza baiskeli, za kuhama nchi. Kulikuwa hata na kundi moja, news.answers, lililokusanya orodha za makundi mengine.

Linganisheni na grupu letu. Kila wiki mtu analeta linki: "Jiandikishe hapa kwenda Canada, mwisho ni Ijumaa." Tunajibu watu kumi, majibu kumi. Mmoja anasema ni kweli shemeji yake alipita, mwingine anasema ni wezi, wa tatu anatuma video ya mpira. Kufikia jioni jibu zuri limezama chini ya meseji 200. Wiki ijayo swali linarudi. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, linki hizi zimeongezeka, kwa sababu mtu ambaye kesi yake imekwama anashika hata unyasi. Mama yetu mmoja wa zoni ya jirani alitoa shilingi 80,000 kwa kijana aliyemwahidi "kusukuma faili". Hela ya kuuza sabuni miezi mingapi hiyo? Jibu la kumwokoa lilikuwa limeshaandikwa kwenye grupu mara nyingi: kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi, huduma za UNHCR ni bure, anayedai hela ni mwizi. Liliandikwa, likazama.

Na mashirika msikasirike, lakini karatasi zinazobandikwa ukutani hazijaziba pengo hili. Tumesoma tangazo ambalo halina tarehe, halina jina la wa kumuuliza, na limeandikwa kwa Kiswahili ambacho hata mwalimu anasoma mara mbili. Watu wanamwamini jirani kuliko ukuta. Usenet waliliona hilo mapema, wakampa jirani kazi ya kuandika.

Kulikuwa na adabu nyingine. Mgeni aliambiwa akae kimya kwanza, asome kundi kwa wiki kadhaa kabla ya kuandika. Ujumbe ulioweza kuumiza, kwa mfano mzaha mchafu, mara nyingi ulifichwa kwa kusogeza kila herufi nafasi 13 katika alfabeti, ili usomeke tu kwa mtu aliyeamua mwenyewe kuufungua. Si siri ya kijasusi, mtoto anaweza kuifungua. Ni kubisha hodi tu. Sisi tuna watu wanaofowadi picha za maiti kutoka vita vya nyumbani saa moja asubuhi, bila neno la onyo, kwenye grupu lenye watoto waliopoteza wazazi katika vita hivyohivyo. Kubisha hodi kungetufaa.

Tusije tukawapamba mno. Usenet ulikuwa na matusi, ubabe na majivuno ya wasomi. Wengi walikuwa wanaume wa vyuo vikuu vya nchi tajiri, na Kiingereza chao ndicho kilichotawala. Mwaka 1990 mwanasheria Mike Godwin alitoa kanuni ya mzaha kwamba kadiri mjadala unavyorefuka, ndivyo inavyokaribia kuwa hakika kwamba mtu atamfananisha mwenzake na Hitler au Wanazi. Kwetu tunaweza kuiandika upya: mjadala ukirefuka, mtu atataja kabila. Unaanza na mgao wa maharage, unaishia kwenye nani alikuja lini katika milima ya nani. Mkijua kwamba ni ugonjwa wa kila mjadala mrefu, angalau mnaweza kuufunga mapema.

Lakini ugomvi wa wazi ulizaa pia mambo makubwa. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliandika kwenye kundi la comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kujifurahisha tu, na akauliza watu wangependa uwe na nini. Jina lake Linus Torvalds. Miezi michache baadaye, Januari 1992, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, aliyetengeneza Minix yenyewe, akamwambia hadharani kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Kijana akajibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia, ila hoja yake hakuiacha. Profesa naye hakuacha yake. Mfumo huo ni Linux. Simu zetu nyingi za Tecno na itel zinatumia Android, na chini kabisa ya Android kuna Linux. Kwa hiyo ukishika simu yako hapa kambini umeshika pia tunda la swali moja lililoulizwa kwenye kundi.

Wiki hiyohiyo ya Agosti 1991 Usenet ulifanya kazi nyingine. Tarehe 19 wakuu wa serikali ya Kisovieti walijaribu kumpindua Gorbachev. Televisheni ya Moscow ikawa inaonyesha dansi badala ya habari. Lakini kulikuwa na mtandao mdogo ulioitwa Relcom, uliounganishwa na nje kupitia simu za Finland, na wapinduzi hawakuufikiria. Vijana wake wakatuma nje waliyoyaona mitaani, na watu wa nje wakawarudishia habari ambazo redio za kwao hazikusema. Sisi wenye ndugu Kongo tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima, tukakaa karibu wiki tatu hatujui nani mzima. Mtandao wenye mlango mmoja unafungwa na mtu mmoja. Wa majirani kupigiana simu ni mgumu kufunga.

Tumeahidi kusema pia juu ya wale wasioweza kuuliza kwa jina lao. Katika matawi ya alt na soc kulikuwa na makundi ya watu wenye huzuni nzito, ya walevi wanaotaka kuacha, ya walioumizwa kimwili wakiwa watoto. Nani ataandika huko, jina lake na chuo chake vikionekana? Mwaka 1993 Mfini mmoja, Johan Helsingius, akafungua seva aliyoiita anon.penet.fi. Ulituma ujumbe kwake, seva ikafuta jina lako, ikakupa namba, ikaupeleka kwenye kundi. Mtu akikujibu kwa namba ile, jibu lilirudi kwako, na hakujua wewe ni nani. Jambo dogo, lakini watu wengi sana walilitumia, kutoka nchi nyingi.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Mahali fulani ndani ya seva ile kulikuwa na daftari la kuunganisha namba na majina. Mwaka 1995 Kanisa la Scientology lililalamika kwamba mtu fulani ametoa siri zake kupitia seva hiyo, polisi wa Finland wakaja, na Helsingius akalazimika kutoa jina moja. Mwaka 1996, alipoona sheria haiwezi kuwalinda waliomwamini, akaifunga. Angeweza kuendelea na kunyamaza. Aliona afadhali watu wakose huduma kuliko wadhani wamejificha kumbe wanaonekana.

Jambo hili tumelijadili sana kati yetu. Kwenye grupu la WhatsApp namba yako inaonekana na kila mtu. Dada aliyepigwa na mumewe hawezi kuuliza kule aende wapi, maana shemeji yake yumo. Kijana anayetaka kujua juu ya dawa za virusi hawezi. Aliyetishwa na watu waliomfuata kutoka nyumbani ndiyo kabisa. Wanaohitaji ushauri zaidi ndio wanaonyamaza zaidi, halafu sisi tunasema grupu liko salama kwa sababu halina makelele. Tukawa tumefikia wazo la mtu mmoja wa kupokea maswali na kuyaweka bila jina. Swali likaja: na daftari lake? Simu yake ikiibiwa, ikikamatwa, au akigombana na mtu? Jibu tuliloliona linafaa ni sanduku la mbao lenye tundu, karatasi bila jina, na majibu kusomwa kwa wote. Teknolojia ya zamani kuliko Usenet, lakini haina daftari.

Turudi kwenye Usenet, tuone ulivyoanguka. Kuanzia 1993 na 1994 makampuni ya kuuza intaneti majumbani, kubwa likiwa AOL, yaliwafungulia wateja wao mlango wa makundi. Zamani wageni walikuja Septemba, wakafundishwa, ikifika Desemba wamezoea. Sasa walikuja kila siku, kwa mamia ya maelfu, na hakuna aliyewapa ile karatasi ya maswali. Wenyeji wakasema Septemba ya 1993 haikuisha. Usemi huo una ukweli, lakini una na dharau ndani yake. Mgeni hana kosa kwa kuwa mgeni. Sisi sote tumewahi kuwa "wapya" kwenye kituo cha mapokezi, tunajua namna wa zamani wanavyokuangalia. Shida ilikuwa kwamba waliofungua mlango walichukua hela ya mlango, kazi ya kuwafundisha watu wakawaachia wa kujitolea.

Halafu wakaja wauzaji. Tarehe 12 Aprili 1994, wanasheria wawili mke na mume, Laurence Canter na Martha Siegel wa Arizona, walituma tangazo lao kwa programu kwenye makundi zaidi ya 5,000 kwa mpigo. Walikuwa wanauza nini? Bahati nasibu ya green card! Serikali ya Marekani ilikuwa na bahati nasibu ya kuwapa watu wa nchi mbalimbali ruhusa ya kuhamia huko. Kushiriki hakukuhitaji wakili wala malipo, ilitosha kutuma barua yenye maelezo yako. Wao wakatangaza kwamba watakusaidia, kwa ada. Kundi la fizikia likalipata, kundi la kupika likalipata, kundi la wanaoomboleza likalipata. Kwa vile lilitumwa kundi moja moja, mtu aliyesoma makundi kumi alikutana nalo mara kumi.

Watu walikasirika, wakawajibu kwa wingi mpaka seva za kampuni iliyowapa intaneti zikaanguka, na kampuni ikawafungia. Kijana mmoja wa Norway akaandika programu ya kufuta matangazo yao popote yanapotokea. Wao hawakuona haya. Wakasema wamepata wateja, na wakaandika kitabu cha kufundisha wengine kutajirika kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alinyang'anywa leseni ya uwakili jimbo la Tennessee, na tangazo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu. Lakini njia ilikuwa imeshaonyeshwa. Ndilo tangazo lililofanya neno spamu lijulikane na kila mtu.

Tulipolisoma hili tulinyamaza kidogo. Tangazo lililojulikana kuliko yote katika kufungua mlango wa spamu lilikuwa la kuwauzia wahamiaji kitu ambacho ni bure. Miaka zaidi ya 30 imepita na bidhaa ni ileile: jina la nchi tajiri, tarehe ya mwisho iliyo karibu, ada ndogo. Anayelengwa naye ni yuleyule.

Baada ya hapo spamu ilijaa makundi. Watu walihamia kwenye tovuti, ambako kuna mwenye nyumba anayeweza kumtoa mtu nje. Ni haki, lakini mwenye nyumba naye ana faida zake. Kampuni ya Deja News ilianza kuhifadhi ujumbe mwaka 1995, Google wakanunua hifadhi hiyo 2001. Ujumbe wa miaka ya 1980 ulipona kwa sababu mtu mmoja wa Chuo Kikuu cha Toronto, Henry Spencer, alikuwa anauweka kwenye tepu tangu 1981 badala ya kuuacha ufutwe. Chuo cha Duke, kulikoanzia yote, kilizima seva yake ya Usenet mwezi Mei 2010. Februari 2024 Google nao waliacha kupokea ujumbe mpya. Seva za watu wengine bado zinapigiana, chache, na huko bado kuna watu wanaojibu maswali.

Kwa upande wetu, tumeanza orodha yetu. Mpaka sasa ina maswali 11, yote yaliyoulizwa kweli kwenye grupu zaidi ya mara tatu. La kwanza ni lile la linki za Canada. Juu kuna majina mawili ya watunzaji, na tarehe. Itatumwa kwenye grupu kila Jumatatu asubuhi, hata kama hakuna aliyeuliza, na nakala ya karatasi itakuwa kwa mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, kwa wasio na simu janja. Ndugu zetu wa mashirika, majibu ya namba 4 na 9 yanahusu rufaa na vyeti vya kuzaliwa. Tunaomba mtu anayejua ayapitie na kutuambia palipokosewa. Sanduku la mbao litakuwa tayari Jumamosi. Fundi anadai misumari tu.